Kitambaa cha Manjano kwenye Pipa la Sandarusi

Tarehe kumi na mbili ya Rajabu, mwaka 1302, mke wangu aliamka hana ladha mdomoni. Naikumbuka tarehe kwa sababu jana yake tulikuwa tumesoma hitima ya arobaini ya mama yake. Asubuhi ile alipika mihogo kwa tui na papa mkavu. Nilikula matonge mawili nikaacha, maana chumvi ilikuwa nyingi hata ulimi ukakunjana. Yeye alikula mpaka akafuta sahani, kisha akaniuliza mbona sili.

Nikamwambia, "Leo chumvi imekuponyoka."

Akachovya kidole katika mchuzi uliobaki, akakiweka kwenye ncha ya ulimi kama alivyofanya kila siku kazini. Akangoja. Akachovya tena. Sikuona machozi, ila alikaa na kile kidole mdomoni muda mrefu.

Sasa yeye mwenyewe hayupo. Nimemzika karibu na mama yake, na watu wamekwisha kuja kunipa mkono wa tanzia na kwenda zao. Mimi si mtu wa kalamu. Nilisoma chuoni nikahitimu Kurani, na kuandika nilijifunza kwa kunakili barua za watu. Lakini kuna jambo moja la mke wangu ambalo nimeona nisipoliandika litakwenda, na litakuwa limekwenda bure. Nitaandika niliyoyaona, na pale ambapo sikuwapo nitasema sikuwapo.

Tulifanya kazi katika uwanja mmoja wa sandarusi hapa Bagamoyo, yeye na mimi. Mimi nilikuwa mchukuzi: nikipokea vikapu vilivyoletwa kutoka bara, pande za Miono na Makurunge, nikivimimina penye mapipa, na sandarusi iliyokwisha kuoshwa nikiitandaza kwenye majamvi ikauke. Sandarusi ni utomvu wa miti ya kale uliogeuka jiwe, na ikitoka ardhini huwa haina sura. Imevaa gamba la mchanga mwekundu, na mgeni akiiona atadhani ni kokoto. Wanawake waliiloweka katika maji ya magadi yaliyotiwa chokaa ili yawe makali, gamba likalainika, wakalisugua kwa makumbi ya nazi mpaka likatoka. Chini yake hutokea kitu cha kupendeza: jiwe la rangi ya asali, na juu yake vipele vidogo vidogo kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Mnunuzi hutafuta vile vipele. Asipoviona haichukui.

Lakini haitoshi kusugua. Baada ya magadi lazima isuuzwe kwa maji ya kisima, tena na tena, mpaka makali yaishe. Makali yakibaki, hata kidogo, sandarusi ikikauka hufanya ukungu mweupe na vipele hufa. Na mtu asiseme basi tusuuze siku nzima. Kisima chetu kilikuwa karibu na pwani. Kikichotwa kupita kiasi kilivuta maji ya chumvi, na hapo kazi ya uwanja mzima husimama. Kwa hiyo alihitajika mtu mmoja wa kusema maji. Yeye huchovya kidole katika maji ya kusuuzia, huonja, hutema, kisha husema "bado" au "toeni". Neno lake likishatoka halirudiwi.

Mama yake mke wangu alikuwa msema maji, na alipoanza kuugua alimweka binti yake mahali pake. Kabla ya hapo mke wangu alikuwa pipani pamoja na wengine, mikono ndani ya magadi kutoka asubuhi hata alasiri. Wengine walikuwa vibarua huru, wengine walikuwa watumwa wa watu, waliotumwa pale na mabwana zao. Magadi hayakutazama nani ni nani. Vidole vyake vilipasuka mipasuko ambayo haikufunga. Akikanda unga aliomba jirani amkandie. Alipotoka pipani ndipo mikono ilipoanza kupona. Msema maji hatii mkono katika magadi. Basi alipopoteza ulimi, lililokuwa mbele yake lilikuwa pipa, na alilijua.

Sikujua wakati ule, wala sijui sasa, kama ni yale maji yaliyouua ulimi au ni homa iliyompata yeye siku zile mama yake alipokufa. Watu husema hili na lile. Mimi nasema sijui.

Kwa siku chache aliendelea kwa kubahatisha. Alitazama povu, alisugua maji kati ya vidole kuona kama yanateleza. Fungu moja likatoka na ukungu. Msimamizi wetu, mtu wa Mbegani, mpole wa maneno lakini hasahau, alilishika jiwe moja, akaligeuza mbele ya jua, akalirudisha kikapuni.

"Mwanangu," alimwambia, "mama yako hakuwahi kunipa hili."

"Ni kweli, baba."

"La kwanza nimelisamehe."

Pale pipani palikuwa na mwanamke mmoja mnene, hodari wa kazi na wa maneno, ambaye alikuwa akiitamani nafasi ile tangu mama mkwe wangu alipolala kwa ugonjwa. Akasema kwa sauti ya kusikika, "Ulimi wa kurithi ni kama kilemba cha kurithi, hakienei kila kichwa." Wenzake wakacheka. Simlaumu. Mikono yake nayo ilikuwa imepasuka.

Jioni ile mke wangu aliniambia, "Sharti nitafute kitu kingine cha kuonjea. Mdomo sina tena."

Nilidhani anasema kwa uchungu tu. Kumbe alikuwa amekwisha kuanza kufikiri. Alikuwa na desturi hiyo, na katika maisha yetu yote sikuizoea: msiba ukimfika, mimi nilikaa nikauangalia, yeye aliinuka akaanza kuutafutia mpini.

Kwanza alijaribu unyoya. Ilijulikana pale uwanjani kwamba unyoya wa kuku ukitiwa katika magadi makali huyeyuka. Aliutia katika maji ya kusuuzia yenye makali kidogo, ukakaa mzima, ukaelea kama bata. Akasema, "Huyu husikia akipigiwa kelele tu." Akauacha. Vidole navyo aliviacha, maana mkono uliokaa uwanjani huteleza wakati wote, hata ukishika maji ya kunywa.

Kisha nikakumbuka Mgoa mmoja, mtu wa Bara Hindi, aliyeuza dawa karibu na forodha. Alikuwa na vichupa vingi, na watu walisema anaweza kujua kilichomo ndani ya maji bila kuyagusa. Tukaenda pamoja. Mke wangu alimweleza shida yake yote bila kuficha, nami nilishangaa, kwa kuwa hata dada zake alikuwa hajawaambia.

Yule Mgoa akatoa kichupa chenye vikaratasi vyembamba vyekundu. Akachovya kimoja katika maji ya magadi tuliyoyaleta, kikageuka buluu pale pale. Mke wangu akapiga makofi kwa furaha.

"Ngoja, mama," Mgoa akasema. "Usifurahi upesi. Karatasi hii si mganga. Hujibu lile inaloulizwa tu. Kabla ya kuiuliza sandarusi yako, iulize maji yako matupu ya kisima."

"Maji ya kisima yana nini?"

"Mimi sijui. Kisima ni chako."

Akampa vikaratasi kadhaa akavifunga katika kipande cha ngozi visilowe. Alikataa kupokea kitu. Alisema tu arudi amweleze alichokiona. Nimekutana na watu wenye elimu wanaoifunga elimu yao kama bakhili afungavyo ghala. Huyu hakuwa hivyo, Mungu amlipe.

Tuliporudi alichota maji ya kisima, safi, hayajaona magadi, akachovya karatasi. Tukakaa tukaitazama. Ilikaa nyekundu, ikakaa, kisha taratibu ikaingia ubuluu. Mke wangu akacheka mpaka akashika mbavu.

"Huyu karatasi amekichongea kisima! Sijamleta hata pipani, amekwisha kukichongea kisima."

Kisima chetu kilichimbwa katika jiwe la matumbawe, na jiwe lile ndilo linalochomwa kupata chokaa. Nadhani hiyo ndiyo sababu. Karatasi haikusema uongo. Ilikuwa na masikio makali kuliko tulivyohitaji, ikasikia hata mnong'ono wa kisima. Lau tungeifuata, sandarusi isingetoka majini mpaka kiama. Alirudi kumweleza Mgoa, na Mgoa alifurahi kana kwamba ameletewa zawadi. Akamwambia, "Basi tafuta kitu kizito cha kusikia kidogo, lakini si kiziwi."

Hilo neno alilichukua nyumbani. Alilirudia akifagia.

Kilichofuata hakikutoka kwa Mgoa wala kwangu. Alikuwa akitwanga manjano kwa ajili ya mchuzi, unga ukarukia kanzu yangu. Nikachukua sabuni kuifuta kabla doa halijakaa. Kila mtu wa pwani anajua kinachotokea: doa la manjano likiguswa na sabuni hugeuka jekundu kama damu ya ng'ombe. Nikaguta, "Umeniharibia kanzu ya Ijumaa!" Aliushika ule upindo wa kanzu, akautazama, akauvuta karibu na macho mpaka ikabidi nipige magoti.

"Tulia," akasema. "Usijitingishe."

"Nivue basi."

"Tulia nawe!"

Alichana kipande cha kitambaa cheupe cha merikani, akakichemsha kwanza kutoa wanga, maana cha kwanza alichokitia rangi bila kukichemsha kilitoka mabaka. Akakitia manjano, akakianika kivulini. Aligundua kwamba jua huyala manjano rangi. Kisha akakichana vipande vyembamba kama utepe. Alichukua kata ya maji makali, akaongeza maji ya kisima kidogo kidogo, na kila alipoongeza alichovya utepe mpya. Wa kwanza ulikuwa mwekundu wa kuiva. Wa pili mwekundu wa tofali. Nyingine zikafifia mpaka ukaja mmoja uliobaki manjano, kama ulivyotoka kwenye kamba ya kuanikia. Maji ya kisima peke yake: manjano, hata kivuli cha wekundu hakuna. Akazipanga tepe zote juu ya mkeka, kutoka nyekundu hata manjano, akaniita nizione. Nimeona milango ya nakshi na misahafu yenye dhahabu. Sijui kama nimepata kuona kitu kilichonipendeza kama zile tepe na yeye amechuchumaa nyuma yake, unga wa manjano mpaka kwenye nyusi.

Mpaka hapo kazini alijikinga kwa kusuuza mara moja zaidi; sasa Ramadhani ilikuwa inakaribia, na Ramadhani ilimfaa. Kila mwaka mwezi huo ulileta mzozo uwanjani. Mwalimu wa chuo alisema anayeonja na kutema kwa haja hakufungua, lakini wengi hawakupenda kumwona mtu aliyefunga akilamba kidole mchana. Kwa hiyo ilikuwa desturi kuonjewa na mwanamke yeyote ambaye siku hizo hafungi kwa udhuru wake wa kike, na uwanja mzima, wanaume kwa wanawake, ukajua nani ana udhuru. Wanawake waliichukia desturi ile. Basi mke wangu alipokwenda kwa msimamizi na kusema kwamba mwezi huu atasema maji kwa kitambaa, wanawake ndio waliomwombea.

Msimamizi akauliza, "Kitambaa kina ulimi?"

"Kina macho, baba. Njoo utazame."

Alitazama, akakubali kwa mwezi ule tu. Kuhusu ulimi wake hakuulizwa, naye hakusema.

Mwezi ule sitausahau. Fungu baada ya fungu lilitoka safi. Nilipoitandaza sandarusi kwenye majamvi nilikuwa nikiinama kutazama vipele, navyo vilikuwepo, vinang'aa. Mimi, ambaye kazi yangu ilikuwa mabega tu, nilitembea kama niliyeiosha mwenyewe.

Idi ikaja, ikapita. Siku tuliyorudi kazini watu walikuwa na furaha, nguo bado zinanukia udi, na kila mdomo unatafuna tambuu, maana mwezi mzima mchana haukuwa na tambuu. Mke wangu naye alikuwa na kijaluba chake, kikebe cha tambuu. Alipaka chokaa kwenye jani, akatia popoo, akakunja, akatia shavuni, akaenda penye pipa la kusuuzia.

Akachovya utepe. Mwekundu.

"Bado," akasema. Wakamwaga, wakatia maji mengine. Akachovya. Mwekundu. "Bado." Wakamwaga tena. Mwekundu. Kisima kilikuwa kinashuka, na wachotaji wakaanza kunung'unika. Mwanamke yule mnene akasimama, akajifuta mikono kiunoni.

"Kitambaa kilifunga mwezi mzima," akasema, "leo kinafuturu!"

Uwanja ukaangua kicheko. Hata mimi, Mungu anisamehe, nilihisi kicheko kinanijia. Msimamizi akasogea. Kwa macho tu sandarusi ilionekana safi, na kila mmoja wetu aliona hivyo.

Yule mwanamke hakucheka tena. Akamwambia, na sasa alikuwa anasema kweli, "Shoga, mwezi umekwisha. Hakuna anayefunga hapa. Weka kitambaa chini, uonje kama alivyoonja mama yako."

Nilikuwa nimebeba kikapu kichwani, sikukitua. Nilijua kwamba angeweza kulamba kidole na kusema "toeni", kwa kuwa sandarusi ilionekana safi, na hakuna ambaye angejua. Naye alijua. Akaitema tambuu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Siwezi kuonja. Ulimi wangu ulikufa Rajabu. Hata chumvi siisikii."

Msimamizi akauliza, "Tangu Rajabu?"

"Tangu Rajabu, baba. Kitambaa ndicho kilichosema mwezi wote. Nami sijui leo kina nini. Nipe nafasi nikiulize."

"Kiulize," msimamizi akasema. "Lakini kikishindwa, wewe ni wa pipani, na huyu ataonja."

Hakwenda kwenye pipa. Alikwenda kisimani. Alichota kata ya maji matupu, akachovya utepe mpya, akauinua. Mwekundu. Nikasikia mtu nyuma yangu akisema hata kisima kimeingia wazimu. Yeye hakutazama kulia wala kushoto. Aliunyosha ule utepe, akauinua mpaka machoni, kama siku ile alivyoishika kanzu yangu, na hapo nilipokuwa nimesimama niliona alichokiona: ncha iliyoingia majini ilikuwa manjano tupu. Wekundu ulikuwa juu, pale aliposhika, na ulikuwa ukishuka pamoja na umajimaji.

Akaifungua mikono. Kwenye kidole gumba na cha shahada kulikuwa na weupe wa chokaa ya tambuu.

"Ni mimi," akasema. "Chokaa yangu."

Akaomba ndimu. Mtu mmoja aliyekuwa na ndimu ya kulia samaki akampa. Akaikata, akakamulia tone juu ya ule utepe mwekundu mbele ya wote, na utepe ukarudi manjano. Wanawake wakavuta pumzi kwa pamoja. Akasugua vidole kwa ndimu iliyobaki, akavisuuza sana, akavikausha. Kisha akavunja njiti ya ukuti, akaipasua ncha, akabana utepe mwingine ili asiushike kabisa. Kisima: manjano. Akaenda kwenye pipa, akachovya, akahesabu kimya kama kawaida yake, akautoa.

Manjano, kutoka ncha hata ncha.

"Toeni," akasema.

Hakuna aliyesogea mpaka msimamizi alipochukua jiwe moja mwenyewe, akalipangusa, akaliweka juani juu ya ukuta. Tukangoja likauke. Nilikitua kikapu wakati huo, shingo ikiniuma. Lilipokauka alilichukua, akalipitisha kidole, na vipele vilikuwa pale vyote, havina ukungu.

Akampa mke wangu lile jiwe, akamwambia, "Fanya kazi yako." Akaenda kupokea mizigo ya Miono iliyokuwa imesimama mlangoni.

Wanawake wakaanza kutoa sandarusi. Yule mnene alibaki nyuma. Akakaa kwanza akitazama vile vidole vyake mwenyewe, kisha akasema kwa sauti ya chini, si ya pipani:

"Nikatie na mimi kipande. Unifundishe."

Mke wangu alichukua kitambaa kilichobaki, akakichana katikati kwa meno. Mwenzake akanyosha mkono kupokea. Hakumpa.

"Kanawe kwanza," akamwambia.

Yule mwanamke akaenda kisimani kunawa.